Spea za kompyuta kwa bei nafuu Mbeya: mwongozo kamili, kuanzia lebo ya RAM hadi kifurushi cha basi

Stesheneri moja pale Soweto, Mbeya, ilikuwa na kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe aliiwasha asubuhi, akafagia kibaraza, akachemsha chai, na akirudi anakuta kiduara bado kinazunguka. Wateja wa kuprinti CV walisubiri, wakachoka, wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Watu watatu walikwisha kumwambia mashine imezeeka, anunue nyingine. Nilipoifungua nilikuta prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i3 ya kizazi cha nne, yaani toleo la nne la prosesa hizo za Intel, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na HDD (diski ya kuzunguka) ya siku nyingi. Nikamwambia, "Mama, usinunue nyingine. Tutafute SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, na RAM, basi." Sasa inawaka kabla hajamaliza kufungua madirisha.

Nawaandikia watu kama yeye, na mwanafunzi wa MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya) anayetaka mashine ya kuandikia programu, na mwalimu wa Mafinga au Makambako ambaye laptopu yake imeanza kuganda. Spea za bei chee zipo tele. Fedha hupotea pale mtu anaponunua kwa kusikia, bila kusoma maandishi yaliyo juu ya kifaa na bila kukiona kikifanya kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kusoma na kupima.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako kabla hujatoka nyumbani

Kama inawaka na ina Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha nenda sehemu ya Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, kasi yake na sloti (nafasi za kuipachika) ngapi zimetumika. Ukitaka undani zaidi, programu ya bure ya CPU-Z inakuonyesha jina la madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na aina ya RAM: DDR3 au DDR4. Piga picha za skrini hizo kwa simu.

Halafu zima, chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, upige picha za ndani. Piga picha ya lebo ya RAM kwa karibu, ya lebo ya diski, na ya lebo ya pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya mashine). Picha hizi tano au sita ndizo utakazomwonyesha muuzaji. Ukifika dukani ukasema "nataka RAM ya Dell" umempa nafasi ya kukuuzia chochote alichonacho.

Hatua ya 2: Amua fedha iende wapi kwanza

Kama mashine bado inatumia HDD, SSD ndiyo ya kwanza kununua. HDD ya laptopu inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na faili ndogondogo zinapotawanyika kasi inashuka vibaya sana. SSD ya kawaida ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) inafika karibu MB 550. Tofauti hiyo utaiona siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ni RAM. GB 4 haitoshi tena kwa mtu anayefungua kivinjari chenye kurasa kumi na Word kwa pamoja. GB 8 inatosha ofisi na stesheneri nyingi, na GB 16 ni ya mtu wa kuhariri video au kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta). Prosesa na kadi ya grafiki ziwe za mwisho, tena kwa mwenye kazi inayozihitaji. Nimeona vijana wakianza na kadi ya grafiki huku mashine ikiwa na HDD, halafu wanashangaa kwa nini bado inajivuta.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma lebo ya RAM

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopigwa, nami nimo.

Chukua RAM ya laptopu iliyoandikwa "4GB 1Rx8 PC3L-12800S". GB 4 unaielewa. PC3 maana yake ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Hazibadilishani hata kidogo. Pengo la chini limekatwa mahali tofauti, hivyo ukiona RAM haitaki kuingia, usiisukume. L ni ya umeme mdogo, volti 1.35, badala ya 1.5 ya DDR3 ya kawaida. Laptopu nyingi za DDR3 za kizazi cha nne na kuendelea zinataka hiyo ya L, kwa hiyo ukiwa na shaka nunua L. Namba 12800 igawe kwa 8 upate kasi: 1600. Ukiona 10600, ni 1333. Kwenye lebo nyingi za DDR4 hakuna haja ya kugawa, kwani "PC4-2400T" ni 2400 moja kwa moja.

Herufi inayofuata ndiyo yenye kesi. S ni ya laptopu, ile fupi. U ni ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva. Kwenye DDR4 herufi hiyo inakuja baada ya kistari, kwa mfano "PC4-2400T-SA1" au "PC4-2400T-UA2".

Niliwahi kuagiza RAM mbili za GB 8 kutoka Kariakoo kwa nusu ya bei niliyoizoea. Kwenye picha zilikuwa ndefu, safi, za DDR3, na jina la kampuni kubwa juu yake. Zilipofika nikazipachika kwenye kompyuta ya mezani, nikabonyeza swichi, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi na mashine ikaanza kulia tii, tii. Nikasafisha, nikabadilisha sloti, ikawa vilevile. Ndipo nikasoma lebo vizuri: PC3-12800R. Zilikuwa RAM za seva, nzima kabisa, ila kompyuta ya kawaida haizipokei. Muuzaji alinijibu, "Bosi, RAM ni nzima hiyo, mashine yako ndiyo ina shida." Fedha haikurudi.

Tangu hapo, hata lebo ikiwa imebanduka, nahesabu chipu. RAM ya kawaida huwa na chipu nyeusi 8 kwa upande mmoja, au 4 kwa zile mpya zaidi. Ukihesabu 9, hiyo ni ya kurekebisha makosa, ya seva au mashine maalumu. Na ukiona kipande kingine kidogo chenye umbo tofauti katikati ya mstari wa chipu, ni ile ya R. Irudishe mezani.

Kuna mtego mwingine unaokuja na RAM mpya za bei ya kutupa zinazoagizwa mtandaoni: DDR3 za GB 8 zilizoandikwa kwamba ni za AMD tu. Wengi wanadhani ni mapambo ya kibiashara. Ni kweli kabisa. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo madabodi za Intel haziielewi.

Mwisho wa RAM: angalia mashine yako inaruhusu kiasi gani. Dell OptiPlex 3020 ya mezani, kwa mfano, ina sloti mbili na inakubali hadi GB 16, kwa hiyo ni GB 8 mbili. Ukinunua GB 4 moja leo na nyingine kesho, umejaza sloti na safari imeishia GB 8.

Hatua ya 4: SSD na HDD

SSD ya inchi 2.5 ya SATA inaingia karibu kila laptopu na kompyuta ya mezani yenye nafasi ya HDD. Za M.2, zile ndogo kama kipande cha pipi ya bapa, zinahitaji uangalifu. Zipo za SATA na zipo za NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), na umbo lake linafanana. Ile yenye pengo moja tu kwenye meno mara nyingi ni NVMe. Yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Nasema mara nyingi, kwa hiyo soma lebo. Kompyuta za zama za kizazi cha nne kwa kawaida haziwezi kuwaka kutoka kwenye diski ya NVMe, hata ukinunua kadi ya kuibebea. Kwa mashine hizo nunua SATA na ulale usingizi.

Ukipewa SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 256, jua imechakachuliwa. Ndani huwekwa kadi ndogo ya kumbukumbu na programu ya kudanganya ukubwa. Utanakili faili, zitaonekana zimeingia, na siku ya kuzifungua hazipo. Programu ya H2testw inaijaza diski yote kisha inasoma kila ilichoandika. Inachukua muda, kwa hiyo patana na muuzaji kwamba utapimia nyumbani na kurudisha kesho yake ikigoma, na aandike hivyo kwenye risiti.

SSD na HDD za mtumba zina ushahidi wake ndani. Programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha saa ambazo diski imewaka na afya yake. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski ya saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzima. Kwa HDD angalia mistari mitatu inayohesabu sehemu mbovu za diski: 05, C5 na C6. Sifuri kwenye yote mitatu ni nzuri. Ikiwa C5 ina namba yoyote, iache, hata muuzaji akishusha bei mara tatu. Kwa SSD angalia asilimia ya afya. Binafsi sishuki chini ya 80 kwa mashine ya mtu anayeitegemea kwa riziki.

Laptopu yako ikiwa bado ina sehemu ya DVD, unaweza kutoa DVD hiyo na kuweka kibebeo cha diski. SSD inakaa mahali pa HDD, na HDD inahamia pa DVD kwa kutunzia picha na video. Pima unene kabla ya kununua, maana vibebeo viko vya milimita 9.5 na vya 12.7.

Hatua ya 5: Pawa saplai na umeme wetu

Mashine nyingi za mtumba zimetoka nchi nyingine. Baadhi ya pawa saplai zina kiswichi chekundu nyuma chenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlio na kuona moshi. Kitazame kabla ya kitu kingine chochote, hata kama muuzaji amesema imeshajaribiwa.

Kuna pawa saplai nyepesi kama boksi tupu zenye maandishi ya wati 500. Inyanyue, nzuri ina uzito, ndani mna shaba na vyuma vya kupoza joto. Na kama mashine yako ni Dell au HP ya ofisini, hesabu pini za plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi. Ya kawaida ni pini 24. OptiPlex 3020 na 9020 zinatumia plagi ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida haitaingia bila waya wa kubadilishia.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za nyanda zetu za juu hazina mchezo, na umeme ukikatika unarudi kwa kishindo. Ukiwa na fedha ya kununulia kitu kimoja zaidi, chukua UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) kabla ya kadi ya grafiki. Radi ikianza kunguruma chomoa plagi, na waya wa intaneti pia.

Hatua ya 6: Prosesa na kadi ya grafiki, kwa wanaohitaji

Kutoka Core i3 kwenda i5 au i7 ya kizazi kilekile ni kazi ya dakika ishirini kwenye kompyuta ya mezani. Kizazi cha pili na cha tatu vinatumia soketi (kikalio cha prosesa kwenye madabodi) 1155. Cha nne ni 1150. Cha sita na cha saba ni 1151. Cha nane na cha tisa navyo vinaitwa 1151, lakini havikai kwenye madabodi za cha sita na cha saba. Nunua na dawa mpya ya kupoza joto, ile nyeupe au ya kijivu, upake kiasi cha punje ya mchele. Kwenye laptopu nyingi prosesa imechomelewa, kwa hiyo sahau.

Kadi ya grafiki isiyohitaji waya wa ziada inachukua umeme wake kwenye sloti, ambayo inatoa hadi wati 75. GT 1030 na nyingi za GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti ziko humo. Kasha likiwa jembamba, tafuta kadi fupi yenye bamba fupi. Kadi za zamani zinabadilishwa programu zijitambulishe kama mpya. Fungua programu ya GPU-Z, na ikikuta udanganyifu huo inaandika neno FAKE mbele ya jina.

Hatua ya 7: Kama huna mashine kabisa

Kununua vipande kimoja kimoja na kuunga kompyuta mwanzo hadi mwisho kunapendeza, lakini kwa fedha ndogo hakulipi. Kompyuta ya ofisini ya mtumba inakuja na kasha, madabodi, prosesa na pawa saplai kwa bei ambayo pengine ingeishia kwenye madabodi mpya tu. Ichukue, kisha uiongeze SSD na RAM.

Kuna jambo moja la tarehe. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au mpya zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Ndiyo maana mashine za kizazi cha nne hadi cha saba zinauzwa bei ya chini. Zinafaa sana kwa anayekubali Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayotumika badala ya Windows. Anayelazimika kutumia Windows aongeze fedha afike kizazi cha nane. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa njia ya pembeni kwenye mashine ya zamani, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hiyo.

Hatua ya 8: Dukani

Iwe Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, nenda asubuhi siku ya kazi, muuzaji akiwa hana msongamano. Beba flashi yenye Linux Mint, ile inayowaka bila kusakinishwa, na waya wa kuunganisha diski ya SATA kwenye USB. Salimia vizuri, eleza kazi ya mashine, kisha omba kupima: "Kaka, naomba niiwashe kwa flashi yangu, dakika kumi tu." Mwenye kitu kizuri atakupa kiti. Anayekuambia "hii imetoka Ulaya, haipimwi" muage kwa heshima, uende duka la pili.

Mashine nzima inapowaka, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) kwa kubonyeza kitufe: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikudai nenosiri, hiyo ni mashine ya kampuni iliyofungwa na ukishalipa ni mzigo wako. Kisha washa Mint kwa flashi, fungua programu ya Disks uone afya ya diski, jaribu kila tundu la USB, sauti, kamera, Wi-Fi, na kila kitufe cha kibodi. Kwa laptopu, chomoa chaja uone betri inavyoshuka ndani ya dakika hizo kumi. Kwa madabodi, mulika tochi ya simu kwenye kapasita, yale makopo madogo. Kichwa kiwe bapa. Kilichovimba au chenye ute wa kahawia kinasubiri kufa.

Bei ujadili baada ya kupima, ukiwa na ulichokiona mkononi: betri dhaifu, kitufe kigumu. Hapo "bei ya mwisho" hushuka. Omba risiti ya EFD na uandikiwe namba ya kifaa pamoja na siku za dhamana. Hata siku saba ni kitu, maana RAM mbovu nyingi hujionyesha ndani ya wiki.

Hatua ya 9: Kuagiza kutoka Dar

Kariakoo uchaguzi ni mpana, ila ni zaidi ya kilometa 800 kutoka hapa na huwezi kurudisha kitu kwa miguu. Kama una ndugu Dar, mtume yeye apime. Kama huna, omba video ya kifaa kikiwaka, kamera ikionyesha lebo na skrini kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, na muuzaji akitamka jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mkubaliane ulipe sehemu kwanza na iliyobaki ukipokea.

Mwambie afunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji, kisha boksi gumu. HDD isafiri katikati ya sponji. Mitikisiko hadi kupanda mlima wa Kitonga si ya kuwekwa kwenye nailoni tupu. Andika namba ya basi, namba ya kifurushi na simu ya wakala, ukapokee mwenyewe stendi, ufungue boksi hapohapo mbele ya wakala.

Hatua ya 10: Kufunga

Nakili kwanza kila kitu muhimu kwenye diski nyingine. Chomoa umeme, bonyeza swichi sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki. Kwenye laptopu toa betri au chomoa waya wake. Juni na Julai hewa yetu ni kavu na sote tumevaa sweta, na sweta zinazalisha umeme tuli. Ivue, gusa chuma cha kasha, ndipo ushike RAM, tena kwa kingo. RAM ya mtumba isugue meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, upulize vumbi. Ipachike hadi usikie mlio wa klipu.

Ukiona saa ya mashine inarudi nyuma kila ukizima, badilisha betri ndogo ya CR2032. Ni bei ya soda mbili tatu, na mafundi wengine huitaja kama ugonjwa mkubwa wa madabodi.

Kabla ya kuanza kazi, iachie MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mmoja. Kosa moja tu jekundu linatosha kuirudisha RAM dukani kesho yake, ukiwa na picha ya skrini na risiti. Spea ya zamani iweke kabatini hadi siku za dhamana ziishe. Baada ya hapo HDD yako ya zamani ifute kwa kuiandika yote upya, si kwa kubofya futa tu, kisha bandika kipande cha karatasi chenye saa ilizowaka na hali yake, ndipo umuuzie anayeihitaji kwa kutunzia picha.